Kunakili ROM za Kadi za Video za Zamani: Dalili za Nakala Mbovu na Vyanzo Vyake

Kwenye chipu yenye kidirisha cha kioo iliyobanwa katika kadi ya video ya VGA ya mwaka 1989, kila biti ya sifuri ni elektroni zilizosukumwa kwa nguvu na kufungiwa mahali pasipo na waya wa kuingilia wala wa kutokea. Dov Frohman aliibuni EPROM, yaani chipu ya namna hii inayoandikwa kwa umeme na kufutwa kwa mwanga, akiwa Intel mwaka 1971, na karatasi za maelezo za watengenezaji kwa kawaida huahidi kwamba data itakaa miaka 10 na zaidi kidogo. Kadi tunazozishika leo zimeuacha muda huo nyuma kabisa. Elektroni huvuja polepole, na zikishavuja, BIOS ya kadi, yaani programu yake iliyohifadhiwa ndani ya chipu, imekufa. Kama toleo hilo halikuhifadhiwa na mtu mwingine yeyote, limepotea kwa wote.

Kwa hiyo mtu hununua kisomeo cha chipu, tuseme TL866II Plus au T48, akasoma, skrini ikamwambia kazi imekamilika, akaweka faili kwenye diski na kuisahau kadi. Hapo ndipo penye hatari. Kisomeo hakijui kilichopaswa kuwemo ndani ya chipu yako. Kinajua tu kwamba kilipandisha na kushusha volti kwenye pini na kuandika kilichoonekana. Nakala mbovu iliyoaminiwa ina madhara kuliko kukosa nakala, kwa kuwa inakuondolea sababu ya kuirudia chipu wakati bado inasomeka. Kuthibitisha ni kazi yako wewe, na faili lenyewe hukuonyesha kasoro yake ukijua pa kutazama.

## Faili lenye afya likoje

ROM (chipu ya kusomwa tu) ya BIOS ya kadi ya EGA, iliyoitangulia VGA, au ya VGA yenyewe huanza na sahihi, yaani saini ya utambulisho, ya baiti mbili: 55 na AA, kwa heksadesimali (hesabu ya kizio cha 16, inayotumika humu kwa thamani zote za baiti na anwani). Baiti ya tatu hutaja urefu wa BIOS kwa vipande vya baiti 512, kwa hiyo 20 ni KB 16, 30 ni KB 24 na 40 ni KB 32. Ukizijumlisha baiti zote za urefu huo, kisha ukabakiza baiti ya chini tu ya jumla, unapaswa kupata 00. Kompyuta yenyewe hufanya ukaguzi huu inapowashwa, kabla ya kuiachia kadi iendeshe programu yake.

Baada ya hapo tazama maandishi. Kadi nyingi za VGA zina herufi IBM kuanzia anwani 1E, maana programu za zamani zilizitafuta hapo ili kujua kama kadi inaendana na ya IBM. Kadi za ATI VGA Wonder huweka tarakimu 761295520 kuanzia anwani 31. Maandishi yanayosomeka bila herufi hata moja iliyoharibika ni ushahidi mzuri kwamba mistari yote minane ya data imefanya kazi.

Kadi za zamani zaidi, za MDA, CGA na Hercules, ni jambo jingine. Hazina BIOS kabisa, kwa hiyo usitafute 55 AA. Chipu iliyomo ni ya maumbo ya herufi. Kwenye MDA na CGA za IBM za mwaka 1981 ni chipu ileile ya KB 8 yenye namba 5788005, na herufi A ya CGA utaikuta kwenye anwani 1A08 kama 30 78 CC CC FC CC CC 00. Chora baiti hizo kwenye karatasi ya miraba, moja kila mstari, utaiona A yenyewe imesimama.

## Kabla ya kuichomoa chipu

Piga picha kadi yote pande mbili, kisha kila chipu kwa karibu, na lebo isomeke. Toleo la BIOS mara nyingi limeandikwa kwenye lebo tu. Usiibandue. Lebo ndiyo inayofunika kidirisha, na kidirisha kikiwa wazi jua la mchana laweza kuifuta chipu kwa muda wa kama wiki moja. Taa za ofisini huchukua karibu miaka 3, kwa mujibu wa karatasi za Intel. Lebo ikiwa imeshatoka, bandika kipande cha foili juu ya kioo hata wakati wa kusoma, maana mwanga mkali unaweza kuvuruga usomaji wenyewe.

Kama una kadi nyingi, anza na zenye kidirisha. Zifuatie za plastiki zisizo na kidirisha zenye namba za 27C, kwani ndani ni EPROM ileile iliyovishwa vazi jingine. ROM za kiwandani, ambazo data yake ilichorwa kwenye silikoni siku ya kutengenezwa, haziwezi kuvuja na zinaweza kusubiri.

Chomoa kwa kuinua kidogo upande mmoja, kisha mwingine, ukirudiarudia. Miguu ya chipu za zamani hukatika begani inapokunjwa mara ya pili. Mguu uliodhoofika uokoe kwa kuipachika chipu ndani ya soketi nyingine mpya na kuiacha humo moja kwa moja. Kisomeo kitaishika soketi, na chipu haitaguswa tena. Chipu za PLCC32, zenye miguu pande zote nne, zinahitaji koleo lake maalumu lenye ndoano mbili. Kuzichokonoa kwa bisibisi huvunja kona ya soketi.

## Kisomeo kinakataa: namba ya utambulisho hailingani

Hii ndiyo dalili ya kwanza wengi hukutana nayo, na si tatizo la chipu. EPROM nyingi za baadaye hutoa namba ya mtengenezaji pale pini ya anwani A9 inapopewa kama volti 12. ROM za kiwandani hazina namba hiyo, na EPROM za mwanzo pia hazina. Kuipelekea volti 12 chipu ambayo haikuundwa kuipokea ni kuihatarisha bila faida yoyote. Zima ukaguzi wa namba kabla ya kuanza. Kwa wanaotumia programu ya minipro kwenye Linux, ni alama ya -x wakati wa kusoma:

```
minipro -p "M27C256B@DIP28" -x -r kadi_soma1.bin
```

Chagua aina kwa ukubwa wa chipu na mpangilio wa pini. Jina la kampuni halina uzito hapa, kwani kusoma kunatumia volti 5 tu. Aina ya mtengenezaji hupata uzito wakati wa kuandika, na kitufe cha kuandika kisisogelewe kabisa chipu ya asili ikiwa ndani ya kisomeo.

## Faili lote ni FF

Kwanza iguse chipu. Ikiwa ya moto, zima mara moja: imegeuzwa, na umeme umeingia kwa njia ya nyuma. Chipu nyingi husalimika kwa sekunde chache za namna hiyo, lakini usiijaribu bahati. Ikiwa baridi, hakikisha imekaa mwisho sahihi wa soketi kama mchoro kwenye skrini unavyoonyesha, kwa sababu chipu ya miguu 28 katika soketi ya mashimo 40 inaweza kukaa mahali pengi na pote isipokuwa pamoja ni makosa.

Ikiwa imekaa vizuri, angalia miguu. Miguu iliyopakwa fedha huwa myeusi kwa miaka, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Aliyeko Mombasa, Tanga au Zanzibar ataongezea kutu ya hewa ya chumvi. Sugua taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, rudia kusoma.

Bado FF, na chipu ni ROM ya kiwandani? Pini ya kuichagua chipu huenda inafanya kazi kinyume. Mteja aliyeagiza ROM za aina hiyo aliweza kuchagua kama pini iamshwe na volti ya chini au ya juu, wakati EPROM siku zote huamshwa na ya chini. Rudi kwenye kadi, fuata njia ya shaba kwa multimita, uone pini hiyo imeungwa na nini. Ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na volti 5, umepata jibu.

Uwezekano wa mwisho ni kwamba kweli imefutika, maana EPROM iliyofutwa husomeka FF tupu. Kidirisha kisicho na lebo kwenye kadi iliyokaa dirishani miaka mingi kinaeleza kila kitu.

## Faili lote ni baiti moja isiyo FF

Hili huwapata sana wanaosoma ROM za herufi za MDA na CGA. Chipu hizo za miguu 24 ni za ukoo wa Mostek MK36000, na zina tabia ambayo EPROM haina: huikamata anwani pale tu pini ya kuziamsha inaposhuka. Visomeo vingi huishusha pini hiyo mara moja, kisha hubadilisha anwani hadi mwisho. EPROM hufuata, MK36000 hubaki na anwani ya kwanza na kuirudia baiti ileile mara 8192.

Kuna jambo la pili kwenye chipu hizi: mpangilio wa miguu haufanani na EPROM ya KB 8, ambayo ina miguu 28. Ukitengeneza adapta ya kuingia mahali pa 2764, ambayo ndiyo EPROM hiyo, mguu wa 18 wa chipu, ambao ni A11, uende kwenye 23. Wa 21, ambao ni A12, uende kwenye 2. Wa 20, unaoamsha, uende kwenye 20. Na wa 24, wa volti 5, uende kwenye 28. Miguu 1 hadi 17 pamoja na 19, 22 na 23 ishuke kama ilivyo, kila mmoja ukiongezewa mbili.

Adapta peke yake haitoshi ikiwa kisomeo chako hakiinui pini ya kuamsha kati ya baiti na baiti. Hapa nashauri bodi ndogo ya kuprogramu ya Arduino Mega, ambayo inatumia volti 5 na ina pini za kutosha. Programu yake ni fupi: inua pini ya kuamsha, weka anwani, shusha pini, subiri kidogo, soma, inua tena. Umeidhibiti kila hatua mwenyewe, na kwa chipu za aina hii huo ndio usomaji ninaouamini.

## Faili linajirudia

Umesoma KB 64, na nusu ya pili ni sawa na ya kwanza. Mara nyingi hakuna ubaya: chipu ni ya KB 32 nawe umechagua 27C512. Rudia kwa aina sahihi.

Kosa la upande wa pili ndilo lenye madhara, kwa kuwa halionekani. Chipu ya 27C512 ikisomwa kama 27C256, pini ya 1, ambayo kwake ni anwani A15, hushikiliwa juu na kisomeo kikidhani ni pini ya volti ya kuandikia. Unapata nusu ya juu tu, safi kabisa, huenda hata yenye 55 AA na jumla ya sifuri, kama mtengenezaji aliweka BIOS mbili ndani ya chipu moja na kuacha kichagulio kwenye kadi. Soma namba iliyo kwenye mwili wa chipu. Usikadirie kwa kuhesabu miguu.

Marudio ya vipande vidogo yana maana nyingine: mguu mmoja wa anwani haujagusa. Ukubwa wa kipande kinachojirudia hutaja mguu wenyewe. Vipande vya baiti 256 vikija viwili viwili vinavyofanana, ni A8, pini ya 25 kwenye chipu ya miguu 28. Vya 512 ni A9, pini ya 24. Vya 4096 ni A12, pini ya 2. Vya 16384 ni A14, pini ya 27. Angalia kama mguu huo umekunjwa chini ya tumbo la chipu. Huko ndiko hujificha, na ukitazama kwa juu huoni kitu.

## Sahihi ya mwanzo imekosea kidogo

Ukiona D5 AA badala ya 55 AA, biti ya 7 imekwama kwenye moja. Ukiona 55 2A, biti hiyohiyo imekwama kwenye sifuri. 55 AB ni biti ya 0 kwenye moja, na 54 AA ni biti hiyo kwenye sifuri. Chukua baiti uliyoiona, ilinganishe na inayotakiwa, biti inayotofautiana ndiyo mstari wenye hitilafu. Biti 0, 1 na 2 ziko pini za 11 hadi 13. Biti 3 hadi 7 ziko pini za 15 hadi 19. Safisha pini hiyo, na usafishe shimo lake kwenye soketi ya kisomeo pia. Ikiwa chipu nyingine nzima inasomeka vizuri kwenye soketi hiyohiyo, tatizo liko kwenye mguu wa chipu.

Nimeona watu wakiirekebisha baiti ya kwanza kwa mkono ili faili lianze na 55 AA. Tafadhali usifanye hivyo. Biti iliyokwama mwanzoni imekwama kwenye baiti zote elfu thelathini na mbili.

## Kuna 55 lakini AA haipo

Kadi imegawanya BIOS katika chipu mbili. ATI VGA Wonder XL ni mfano unaojulikana: chipu moja hubeba baiti za anwani shufwa, nyingine za witiri, ili kompyuta isome biti 16 kwa pamoja. Faili moja litaanza na 55, jingine na AA. Kwenye la witiri utaona 71950 na kwenye la shufwa 6252, ambazo ni ile 761295520 iliyochanwa nusu.

Zifume kwa kuchukua baiti moja huku na moja kule, ukianza na la shufwa, kisha ukague sahihi, urefu na jumla kwenye faili lililofumwa. Jumla ya faili moja moja haikuambii chochote. Hifadhi yote matatu, kwani atakayechoma chipu mpya atahitaji yale mawili yaliyotengana.

## Sahihi iko mwishoni

Faili la KB 16, mwanzoni hakuna kitu cha maana, na baiti mbili za mwisho ni AA 55. Ukitafuta IBM unakuta MBI. Hii ni kadi ya EGA ya IBM ya mwaka 1984, chipu yenye namba 6277356 kwenye nafasi ya U44, na usomaji wako ni mzima kabisa. Kwenye kadi hiyo baiti zimepangwa kwa kurudi nyuma: anwani ya kwanza inayoonwa na kompyuta ndiyo ya mwisho ndani ya chipu.

Ligeuze faili ili ulikague na kulisoma, lakini lile la asili ndilo la kuhifadhi na ndilo la kuchomea chipu mpya. Atakayechoma lililogeuzwa na kulipachika kwenye kadi atapata kadi bubu. Jumla ya ukaguzi haitakusaidia kutambua tofauti, maana ni ileile kutoka upande wowote utakaohesabia.

## Kila usomaji unatoa faili tofauti

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana dalili hii ina vyanzo viwili vinavyotibiwa kwa njia tofauti kabisa, na ndiyo inayotangulia kifo cha chipu.

Soma chipu mara kadhaa, kila usomaji kwa jina lake, kisha ulinganishe mafaili baiti kwa baiti. Usitazame idadi ya tofauti. Tazama umbo lake. Tofauti zikiwa zimetawanyika, mara hapa mara pale, biti zikibadilika kwenda juu na kwenda chini, au mstari mmoja wa data ukisumbua faili zima, hiyo ni miguso mibovu au umeme dhaifu. Safisha upya. Chomeka kisomeo kwenye USB yenye nguvu ya kutosha, kwa sababu chipu za zamani za NMOS (teknolojia ya awali inayotumia umeme mwingi) zinaweza kula karibu miliampea 100, na waya mrefu mwembamba wa USB hushusha volti kabla haijafika.

Tofauti zikiwa kwenye anwani zilezile kila mara, biti zilezile, na zikibadilika upande mmoja tu, kutoka sifuri kuwa moja, hiyo ni chaji inayovuja. Seli ya EPROM iliyoandikwa husomeka sifuri kwa sababu elektroni zilizofungiwa humo huizuia isipitishe umeme. Zikipungua, seli hufika mpakani: leo sifuri, kesho moja, na mwishowe moja siku zote. Seli haiwezi kujipatia elektroni yenyewe, kwa hiyo pale usomaji unapokinzana, sifuri ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa ukweli wa kiwandani.

Tiba iko kwenye volti. Volti ya kusomea ndiyo pia inayoifungua seli, na ikishushwa, seli dhaifu hupata tena uwezo wa kuzuia. Ukisoma kwa volti 5 na biti inayumba, soma kwa 4.5, na kama kisomeo chako kinaruhusu shuka hatua kwa hatua hadi chipu ianze kushindwa kabisa. Visomeo visivyo na chaguo hilo vina njia ya Arduino, ukiipa chipu volti kutoka chanzo kinachorekebishika. Zingatia tu kwamba pini za anwani zisipewe volti iliyozidi ile ya chipu. Punguza kwa vigawanya volti.

Kwa kila hatua hifadhi faili. Kisha anza na mafaili ya volti ya chini yanayokubaliana yenyewe kwa yenyewe, uhesabu jumla. Ikifika 00, umeokoa BIOS. Isipofika, orodhesha biti zilizowahi kuyumba. Kwa kawaida ni chache, na kuzijaribu moja moja hadi jumla ifike 00 ni kazi ya programu ndogo. Lakini tahadhari: baiti moja ya jumla ina uwezekano wa thamani 256 tu, kwa hiyo biti nyingi za kubahatisha zitakupa majibu mengi yanayoonekana sahihi. Zikizidi tatu au nne, tafuta kadi ya pili ya toleo hilohilo uisome pia. Seli zilizodhoofika kwenye mbili hizo hazitakuwa zilezile.

Na usijaribu kuiandika upya chipu ya asili ili kuiongezea nguvu kabla hujawa na faili lililothibitishwa. Kosa moja la volti litaondoa kila kilichobaki.

## Sahihi iko sawa, jumla haifiki 00

Kabla ya kuilaumu chipu, hakikisha umejumlisha urefu uliotajwa na baiti ya tatu peke yake. BIOS ya KB 24 ndani ya chipu ya KB 32 huacha KB 8 za ziada, na mtengenezaji aliweza kuweka humo chochote. Ikiwa umejumlisha vizuri na bado haifiki, rudi sehemu iliyotangulia, hata kama usomaji wote unafanana. Biti iliyokwisha kuvuja kabisa haiyumbi tena kwa volti 5.

## Chipu imelehemiwa kwenye kadi

Usikimbilie kuchoma risasi. Kadi inayofanya kazi inaweza kusomwa ikiwa ndani ya kompyuta yake, kwa DOS na programu ya DEBUG, kwani BIOS ya video huonekana kuanzia C000:0000. Kwa KB 32:

```
DEBUG
-M C000:0 L8000 100
-N C:\KADI.BIN
-R BX
:0
-R CX
:8000
-W
-Q
```

Kubana klipu juu ya chipu iliyolehemiwa na kuisoma kwa kisomeo hakunipendezi. Umeme wa kisomeo huingia kwenye kadi nzima, chipu nyingine huamka na kugombania mistari, na unachosoma ni ugomvi huo.

Faili la DEBUG nalo lina mitego. Wa kwanza ni kivuli: kompyuta nyingi za 386 na kuendelea hunakili BIOS ya video kwenye RAM kwa ajili ya kasi, na unachosoma ni nakala hiyo. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, zima Video BIOS Shadow, na uwashe DOS bila programu za kusimamia kumbukumbu, EMM386 wala QEMM. Kwenye MS-DOS 6 bonyeza F5 inapoanza.

Mtego wa pili hauzimiki. Kwenye kadi za PCI, aina ya soketi iliyokuja baadaye, kama S3 Trio64, ROM hunakiliwa RAM kwa lazima, sehemu ya kuanzishia huendeshwa, kisha programu ya kadi huruhusiwa kujipunguza na kujiandikia mipangilio. Kilichobaki C000 si kile kilichomo kwenye chipu, na jumla isipofika 00 hiyo ni sababu halali. Chipu ya kadi ya PCI isomwe yenyewe. Vivyo hivyo ROM ya herufi ya CGA: haionekani na kompyuta kwa anwani yoyote, DEBUG haitaipata kamwe.

Kadi ya VGA ambayo sahihi yake imeharibika haitaonyesha picha, na kompyuta ya IBM italia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Weka kadi ya MDA au Hercules pembeni yake na skrini yake. Kompyuta itairuka BIOS mbovu, itawaka kwa kadi ya pili, na utaweza kuisoma C000 ukiwa umetulia.

## Nakala mpya haifanyi kazi kwenye kadi

Jaribio la mwisho la nakala ni kuichoma kwenye chipu nyingine na kuipachika. W27C512 ya Winbond inafaa, maana hufutwa kwa umeme bila taa. Lakini ni ya KB 64, na soketi iliyotengenezwa kwa 27256 kwa kawaida hushikilia pini ya 1 juu, kwa hiyo kadi itasoma nusu ya juu. Andika faili la KB 32 mara mbili mfululizo, nusu zote mbili zifanane, na tatizo halitatokea.

Chipu za 28C256 huwadanganya wengi. Zina KB 32 na miguu 28, huandikika vizuri, kisomeo huzithibitisha, kisha kadi hukaa kimya. A14 yake iko pini ya 1, na pini ya 27, ambapo kadi hupeleka A14, kwake ni ya kuamuru kuandika. Haziingii hapo bila adapta.

Kadi ikiwaka kwa chipu mpya, isome tena kwa DEBUG, kisha ulinganishe na faili lako kwa amri ya DOS ya FC /B. Ikijibu kwamba hakuna tofauti, funika kidirisha cha chipu ya asili kwa foili, ichomeke kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umeme tuli, na uiache kadi iendelee na ile mpya.